Hatua Mia Tatu Hadi Tairi Jeupe

Hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha 9
6 Mei

Twiga,

Sikusalimu. Taya langu limefungwa waya kwa wiki sita, kusema siwezi. Kuandika naweza, nawe utasoma, hata kama ni kwa kufuatisha kidole.

Jumamosi asubuhi ndege ilikataa kupaa kwa sababu uwanja ulikuwa na nyasi ndefu zilizolowa. Magurudumu yalikuwa kama yameshikwa na mtu. Una kazi moja tu hapa duniani, kukata nyasi, na hiyo moja hukuifanya. Sasa ndege iko mferejini, pua chini mkia juu. Mimi niko hapa. Dada yako, aliyekuwa abiria wangu pekee, mkono wake umetundikwa shingoni kwa kitambaa.

Mkaguzi anakuja tarehe 20. Akiona kosa ni la rubani, leseni yangu inakwenda na miaka kumi na saba ya kuruka imekwisha. Sikubali iende kwa ajili ya mvivu. Utamwandikia karatasi, kwa mkono wako, kwamba nyasi hukuzikata. Mpe dada yako ailete pamoja na nguo zangu safi.

Wewe mwenyewe usije. Muuguzi ana amri yangu.

Rubani


Uwanjani, banda la mashine ya nyasi
8 Mei

Shemeji yangu wa mdomo wa waya,

Shikamoo. Usihangaike kuitika, najua haufunguki. Tangu umwoe dada yangu sijawahi kumaliza sentensi mbele yako. Leo nazimaliza zote, na wewe utulie hivyo hivyo unyonye supu yako kwa mrija.

Kwanza hilo la muuguzi. Nilikuja Jumamosi ile ile kukuona, kwa moyo mweupe kabisa. Kweli, nilicheka. Lakini nani asingecheka? Uso umevimba kama mto uliojazwa na mtu mwenye hasira! Ukanirushia kikombe cha bati, kikampata mgonjwa wa kitanda cha 10, mtu wa watu, hata hanijui. Halafu aliyefukuzwa wodini ni mimi!

Pili, nyasi. Nyasi unaniambia mimi? Shule niliiacha, au iliniacha, tusibishane, lakini kwenye nyasi nina shahada. Sheria ya uwanja huu aliiweka Mzee Pima, aliyeutunza miaka yote kabla hajastaafu na kuniachia mashine. Chukua kiberiti, kisimamishe wima kwenye nyasi, rudi nyuma hatua kumi. Ukikiona, ndege inaruka. Kikizama, ndege inalala. Ijumaa nilikisimamisha sehemu sita, na kote sita nilikiona mpaka ile picha iliyochorwa ubavuni. Zilikuwa zimelowa, sawa. Mvua sikuiajiri mimi.

Tatu, usinisimulie ajali ambayo nimeitazama kwa macho yangu, nimekaa juu ya mashine kama mfalme. Ulianzia kwenye pipa jekundu kama siku zote. Ndege ikaja inakimbia, inakimbia, magurudumu hayataki kuachana na ardhi. Nikajiuliza, huyu bwana leo vipi, amekula nini? Ulipofika kwenye tairi jeupe nikasikia umekata injini. Nikasema haya, amefuata sheria, sasa atasimama. Wapi! Ukateleza kama sabuni bafuni, moja kwa moja mferejini.

Na hilo tairi usije ukalisingizia. Mwezi uliopita nililitoa, nikafyeka nyasi zilizokuwa zimelizonga, nikalipaka rangi mpya mpaka linamulika. Nikalirudisha kama daftari la Mzee Pima linavyosema, hatua mia tatu kutoka kwenye pipa. Nilihesabu mwenyewe, kwa miguu hii hii mirefu iliyokufanya uniite Twiga. Sikuiba hata hatua moja.

Kwa hiyo karatasi siandiki. Nikiandika nafukuzwa, na mashine hii hakuna kiumbe mwingine anayejua kuiwasha.

Mimi,
Profesa wa Nyasi

Tena: mkono unamuuma dada ila hasemi. Muulize.


Kitanda cha 9
10 Mei

Twiga,

Mdomo wako ni mrefu kuliko miguu.

Nikueleze jambo ambalo mwalimu angekueleza kama ungekaa darasani. Tairi lile si pambo. Rubani akilifikia na magurudumu bado yanagusa chini, anakata injini, anakanyaga breki, na uwanja uliobaki unamtosha kusimama. Nimefanya hivyo mara mbili, wewe hujui hata kuvaa suruali. Jumamosi nilikata injini pale pale kwenye tairi, na uwanja haukunitosha. Kwa nini? Breki hazishiki kwenye nyasi ndefu zenye maji. Nyasi zako, Profesa.

Jambo lingine. Nyuma ya kiti cha dada yako kulikuwa na mzigo umefunikwa blanketi. Karani wa ofisi ameniletea orodha ya vitu vilivyotolewa kwenye ndege: masanduku manne ya dawa, kapu moja, viatu vyangu. Mzigo ule haumo. Uko wapi?

Nakuonya, usichezee usichokijua.

Rubani


Bandani
12 Mei

Shemeji,

Ninavyokuandikia hapa nimekalia kitu. Kina miguu ya chuma, kina meza ya mbao, na chini kina pedali. Nimekipa jina la Farasi, lakini wewe na mimi tunajua kwamba ni cherehani ya dada.

Niliitoa mimi, kabla karani hajafika na kalamu yake. Watu walikuwa wanakushughulikia wewe unayelia kwa pua. Mimi, mwenye kifua hiki unachokijua, niliivuta peke yangu kutoka mferejini mpaka bandani, na mgongo unanikumbusha mpaka leo. Ndipo nikajiuliza: kitu kilichotaka kuniua mimi, je, kimeandikwa kwenye karatasi ya uzito? Nikapita ofisini kumsalimia karani, jicho likaanguka lenyewe kwenye karatasi. Rubani, abiria mmoja, dawa, kapu. Basi! Farasi hayumo.

Nimemuuliza dada. Anasema alipata kazi ya kushona sare za shule kule mlikokuwa mnakwenda, akataka kwenda nayo, akakuambia ipimwe. Wewe ukajipiga kifua: "Mke wangu, kwa ndege yangu hii ni kikombe cha chai tu." Ndivyo ulivyosema? Kikombe cha chai chenye pedali!

Halafu wewe ndiye unayetaka mimi niandike karatasi.

Sikiliza sasa, maana leo mwenye kusema ni mimi. Ukiacha habari za nyasi, Farasi atalala chini ya magunia, mkaguzi atakuja na ataondoka. Ukiendelea, mkaguzi nitamkaribisha bandani na kiti nitakachompa ni hicho hicho. Chagua. Ukikubali, nitikisie kichwa, dada ataniambia.

Mimi,
Mwenye Farasi


Kitanda cha 9
13 Mei

Twiga,

Swali moja. Jibu bila maskhara.

Ukisimama na Mzee Pima, alikuwa anakufika wapi?

Rubani


Bandani
14 Mei

Shemeji,

Makubwa! Barua nzima bila tusi hata moja? Waya zimefika mpaka ubongoni?

Haya, nakujibu. Alikuwa ananifika kwenye kiwiko, na hapo amevaa kofia. Tukitembea pamoja, yeye anakimbia na mimi nasinzia. Siku moja akaniambia, "Kijana, hebu ningoje." Nikamwambia, "Mzee, nimesimama tangu zamani." Alicheka mpaka akakaa chini, na hata akikaa chini huoni tofauti kubwa.

Kwa nini unauliza? Unataka kumshonea suti? Njoo tu, cherehani ninayo.

Kuhusu lile pendekezo langu, dada anasema hukutikisa kichwa, uligeukia ukutani. Sijui hiyo kwa lugha ya marubani maana yake nini. Nakupa mpaka Ijumaa.

Mimi,
Jenerali wa Uwanja


Kitanda cha 9
15 Mei

Twiga,

Soma polepole.

Mzee Pima aliandika hatua mia tatu. Hatua zake yeye, mtu anayekufika kiwikoni. Wewe ukahesabu mia tatu za kwako.

Umelisogeza tairi mbele. Tangu ulisogeze nimeruka mara kadhaa, lakini ndege ilikuwa inapaa kabla hata sijalifikia, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuliangalia. Jumamosi nililihitaji, na halikuwa mahali pake. Nilipokata injini, uwanja wa kusimamia ulikuwa umeshakwisha. Nimelala hapa siku kumi na moja najiuliza kwa nini breki hazikunisaidia, kumbe umenijibu kwenye barua yako ya kwanza, tena kwa majivuno!

Tairi hilo usiliguse. Mkaguzi atalikuta lilipo. Ndilo litakaloniokoa. Ukilisogeza hata shibri moja, mimi si shemeji yako, na mlango wa nyumba yangu usiujue tena.

Chukua kamba upime, kama bado unabisha.

Rubani


Bandani
17 Mei

Shemeji,

Tairi liko mahali pake.

Nina kazi nyingi, sina muda wa barua. Cherehani iko chini ya magunia.

Mimi


Nyumbani
18 Mei

Kwenu wawili,

Nimeandika nakala mbili, moja ya kitandani na moja ya bandani, ili asitokee wa kusema hakusikia.

Nimebeba barua zenu nane kwenye kapu la nguo, kwa mkono mmoja. Zote nimezisoma, maana mmoja wenu hana bahasha na mwingine hana adabu.

Wewe mdogo wangu. Juzi mchana nilikuwa naanika nguo, nikakuona unapima uwanja kwa kamba. Ulipima mara tatu. Mara ya tatu ukakaa ndani ya tairi kama kuku anayeatamia. Baadaye ukalinyanyua, ukaliweka chini, ukalinyanyua tena. Nikaingia ndani nisione. Sijui saa hizi liko wapi, na sikuulizi.

Wewe mume wangu. Kikombe cha chai, ulisema. Umeandika barua nne kutoka hospitali, umeuliza nyasi, umeuliza mzigo, umeuliza kimo cha Mzee Pima. Mkono wangu hukuuliza, na niko mbele yako kila siku nakushikia mrija. Basi jua kwamba mifupa miwili imevunjika, na zile sare amepewa mtu mwingine.

Mkaguzi anakuja keshokutwa. Mimi nilikuwa ndani ya ile ndege, ataniuliza. Nitajibu nililoliona. Uongo wa mtu sibebi, mkono mmoja hautoshi.

Mke wa mmoja, dada wa mwingine


Bandani, kwa mara ya mwisho
21 Mei

Shemeji,

Weka kikombe chini kwanza. Umeweka? Haya.

Nilipokuandikia kwamba tairi liko mahali pake, sikukudanganya. Nilikuwa nimelirudisha. Nililifunga nyuma ya mashine, nikalivuta mpaka pale Mzee Pima alipokuwa ameliweka. Kutoka pale nilipoliweka mimi mpaka pale, kamba yangu ilipima mita sabini na mbili. Nilipima mara tatu nikitumaini kamba ni mwongo. Mkaguzi angelikuta sawasawa, mimi ningebaki na mashine yangu, wewe ungebaki na waya zako. Nilikuwa nimekumaliza, Shemeji. Nakuambia waziwazi ili ukinichukia unichukie kwa sababu ya kweli, siyo hii ya nyasi.

Mkaguzi akaja jana saa tatu asubuhi. Kijibwana kifupi, kofia kubwa, anasukuma gurudumu la kupimia lenye mpini. Akapima kutoka kwenye pipa mpaka kwenye tairi, akaangalia mchoro wa uwanja aliopewa ofisini, akaandika: sawa. Akasimamisha kiberiti changu, akarudi nyuma, akaandika: sawa. Hilo la pili nakuomba ulisome mara mbili. SAWA!

Tukaja bandani. Dada alikuwa amefika kabla yetu. Ameshaondoa magunia yote kwa mkono ule mzima, amekaa kwenye Farasi kama bibi arusi aliyekasirika. Akamwambia, "Hii ilikuwa ndani ya ndege. Haikupimwa." Wala hakunitazama. Tukaibeba na karani mpaka kwenye mzani wa ofisi, mshale ukaruka mpaka nikauonea huruma. Mkaguzi akakaa kuandika. Kalamu ilikuwa inakimbia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kimo changu unakijua, kila neno naliona. Rubani hivi, rubani vile, rubani peke yake. Akafika kwenye leseni.

Nikamwangalia dada. Alikuwa anaangalia ile kalamu.

Sasa kuna jambo la nyasi ambalo ninyi wenye vyeti hamlijui. Tairi likikaa mwezi mzima mahali, chini yake nyasi zinakuwa njano. Ukiliondoa, duara linabaki pale, wiki hata tatu. Mkaguzi alilikanyaga akapita, labda alidhani ni mahali alipolala mbwa. Angeondoka hivyo hivyo, nakuapia.

Nikamwambia, "Mzee, funga kalamu. Kuna duara la njano kule, twende."

Akaniuliza duara gani. Nikamwambia anihesabie. Nikaanzia kwenye pipa, natembea kawaida yangu, yeye pembeni anahesabu kwa sauti, anakimbia na kofia mkononi. Kwenye mia mbili tukalipita tairi. Pale miguu ikataka kukata kona, ikanikataa kabisa, miguu ile ile niliyojisifia. Nikaivuta. Mia tatu ikanifikisha katikati ya duara, mtu asingeweza kulenga vizuri zaidi. Nikamwambia, "Hapa ndipo lilipokuwa Jumamosi ile. Niliyeliweka ni mimi. Niliyelirudisha juzijuzi ili usijue ni mimi pia. Sasa nenda pale kwenye pipa, utembee na wewe mia tatu za kwako."

Akatembea. Za kwake zilimfikisha kwenye tairi, akaligonga kwa kiatu. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaichana.

Mpya ameiandika hivi: bila cherehani usingelifikia tairi hujapaa, na bila miguu yangu ungesimama kabla ya mfereji. Leseni haifutwi. Inakaa kwake miezi sita. Mimi, bosi wetu amenifukuza kabla sijafika bandani kuchukua koti.

Usidhani nimekupenda. Ulifunika cherehani kwa blanketi, halafu ukasema nyasi. Zangu! Hilo hata waya zikitolewa sitakusamehe. Nilifanya kwa ajili ya yule aliyekaa kwenye Farasi, tena kidogo kwa ajili ya zile nyasi, maana zimenitendea haki nami nilikuwa nataka kuzitumia kukuzika.

Nimepata kazi mjini kwa fundi wa matairi. Cheka mpaka waya zikatike.

Kamba nimeitundika nyuma ya mlango wa banda. Ina mafundo mawili, moja la kwenye pipa, moja la kwenye tairi. Atakayekuja asiniulize mimi wala Mzee Pima.

Mimi,
Twiga


Uwanjani, banda la mashine ya nyasi
19 Juni

Twiga,

Waya zimetolewa Jumamosi. Daktari akaniambia nijaribu neno moja, lolote. Nikakutaja wewe. Akauliza kama hilo ni tusi. Nikamwambia kwetu, ndiyo.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Mara ya kwanza niliikunja nikairusha, ikampata tena yule wa kitanda cha 10. Aliifungua, akaisoma yote, akanirudishia, akasema, "Huyo kijana ni mshenzi, lakini wewe ungekuwa yeye, ungelitaja hilo duara?" Nilishukuru taya bado lilikuwa limefungwa.

Mkono wa dada yako unaunga. Nimeuliza. Nauliza kila siku, mpaka ameniambia ninyamaze.

Sasa sikiliza. Bosi anasema miezi sita ya kutoruka si miezi sita ya kukaa. Amenipa mashine yako. Tangu Jumatatu navuta kamba ya kuwashia. Inakohoa mara moja, inanyamaza. Nimebadilisha plagi. Nimefungua kabureta, nimeisafisha, nimeirudisha. Injini ya ndege naijua kwa kuisikia tu, lakini hiki kidude chako kinanizomea mbele ya karani. Dada yako amekaa mlangoni kwenye Farasi anacheka. Anasema kuna kitu ulikuwa unakifanya kwa mguu wa kushoto kabla ya kuvuta. Kitu gani, anasema hajui, na hata angejua asingeniambia.

Sikuombi. Nakuuliza tu. Andika unaiwashaje, na uandike hatua kwa hatua, kwa miguu ya mtu wa kawaida.

Tena fanya haraka. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo na kuna ndege inataka kushuka Ijumaa. Asubuhi hii nilisimamisha kiberiti, nikarudi nyuma hatua kumi.

Sikukiona.

Shemeji yako